Kuchagua mfumo endeshi wa wakati halisi kwa kifaa cha betri: mwongozo kamili kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Kifaa kinachofungwa juu ya kenchi la ghala la korosho kule Tandahimba hakina mtu wa kukichaji. Kitakaa hukohuko chini ya bati tangu magunia ya kwanza yaingie mwezi Oktoba hadi minada iishe, na hakuna soketi karibu. Mtunza ghala atakuuliza swali moja tu: "Fundi, hiki kidude betri yake inakaa mpaka lini?" Jibu lako litategemea sana mfumo endeshi uliouweka ndani.

Mifumo endeshi ya wakati halisi, ambayo mafundi tunaiita RTOS, ni programu za msingi zinazogawa zamu kwa kazi za kifaa ili kila moja imalizike kwa wakati. Ni mingi, na wengi huanza kwa kuuliza upi una kasi. Kwa kifaa cha betri kasi si ya kuulizia kwanza. Kifaa kinachoamka sekunde 3 katika kila dakika 10 kinalala zaidi ya asilimia 99 ya maisha yake. Uliza kwanza mfumo unalalaje, halafu uliza kama una draiva (programu ndogo za kuongoza vifaa) za chipu uliyonayo mkononi. Mengine yote yanafuata baada ya hayo mawili.

Mfano nitakaoutumia ni kifaa cha ghalani. Kinapima joto na unyevu wa hewa kila dakika 10, kinatambua mlango ukifunguliwa kwa swichi ya sumaku, na kinatuma taarifa kwa redio ya LoRaWAN, mtandao wa masafa marefu unaotumia umeme mdogo, hadi ofisi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Korosho ghafi ikikaa kwenye unyevu huota ukungu na kushuka daraja, kwa hiyo namba hizo zina mtu anayezisubiri.

Hatua ya 1: hakikisha unauhitaji

Kifaa kinachoamka, kusoma kihisi kimoja, kuandika namba kwenye kadi ya kumbukumbu na kurudi kulala hakihitaji RTOS. Kitanzi kimoja na taima ya kukiamsha vinatosha, na utakuwa na sehemu chache za kutafutia hitilafu. Hata ST, watengenezaji wa chipu ya STM32WL yenye redio ya LoRa ndani yake, mifano yao mingi hutumia kipanga-zamu kidogo tu kisicho RTOS.

RTOS inaanza kulipa pale kazi zinapogongana. Redio iko katikati ya kusubiri jibu, mlango unafunguliwa, kihisi kinataka kusomwa, na kadi bado inaandika. Ukijaribu kuyapanga hayo kwa mkono ndani ya kitanzi kimoja, msimbo utajaa bendera (alama za ndiyo au hapana) na masharti mpaka wewe mwenyewe uogope kuugusa. Hapo ndipo unapoajiri mpangaji wa kazi, yaani RTOS.

Kama unafikiria kuweka Linux kwenye Raspberry Pi, iache kwa ajili ya kituo cha kupokelea data ofisini penye umeme. Ni kweli kwamba mwaka 2024 marekebisho ya PREEMPT_RT yaliingizwa rasmi katika kerneli (kiini) ya Linux toleo la 6.12, na Linux sasa inaweza kutunza muda vizuri. Lakini bodi hiyo inakula mamia ya miliampia hata ikiwa haifanyi kitu.

Hatua ya 2: andika muda wa mwisho wa kila kazi

Chukua karatasi. Orodhesha kila kazi, na mbele yake andika ikichelewa kunatokea nini. Wakati halisi maana yake ni kazi kukamilika ndani ya muda iliyopewa, kila mara, hata kama muda huo ni mrefu. Usomaji wa unyevu ukichelewa sekunde 5 hakuna gunia litakaloota ukungu. Taarifa ya mlango ikichelewa nusu sekunde, sawa.

Redio ndiyo isiyosamehe. Katika LoRaWAN, kifaa kikishatuma hufungua dirisha la kwanza la kupokea sekunde 1 baadaye, na la pili sekunde 2 baadaye. Kwa mpangilio wa SF7, mmojawapo wa mipangilio ya kasi ya LoRa, kwenye upana wa kilohezi 125, alama moja ya redio ina urefu wa milisekunde 1 na kidogo, na utangulizi wa ujumbe una alama 8. Maana yake una kama milisekunde 8 za kuusikia utangulizi huo. Sasa tuseme saa ya kifaa ni ile ya ndani ya chipu isiyo na kristali, na inakosea kwa asilimia 1. Ndani ya sekunde 1 imeshapotea milisekunde 10. Dirisha linafunguliwa wakati utangulizi umeshapita, na wewe unabaki kulaumu antena. Kristali ya hezi 32,768 yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea maikrosekunde 20 tu katika sekunde hiyohiyo.

Kwa hiyo mahitaji ya wakati halisi ya kifaa hiki ni kuamka kwa usahihi kutoka usingizini. Andika hivyo kwenye karatasi yako, maana ndicho kipimo utakachoupimia kila mfumo. (Kuhusu masafa ya redio, malizana na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kurusha chochote.)

Kazi ambayo ikichelewa itaunguza kitu, usiiachie programu peke yake. Mota ya pampu ya fezi tatu, mathalani hizi zinazopandisha maji uwanda wa Makonde, ikipoteza fezi moja inaungua. Weka rilei ya kulinda fezi, na kifaa chako kiripoti tu kwamba rilei imekata.

Hatua ya 3: piga hesabu ya betri kabla ya kupakua chochote

Tuseme betri ni ya aina ya 18650 yenye miliampia-saa 2,500. Kifaa kikiwa macho kinakula wastani wa miliampia 30 kwa sekunde 3, kila sekunde 600. Hiyo ni 30 mara 3 gawanya kwa 600, sawa na miliampia 0.15. Usingizini kinakula maikroampia 10, yaani miliampia 0.01. Jumla ni 0.16. Gawanya 2,500 kwa 0.16 unapata saa 15,625, ambazo ni kama siku 650. Kwa hesabu ya karatasi unavuka misimu miwili.

Badilisha kitu kimoja. Mfumo unalala usingizi mwepesi tu, kwa sababu saa yake ya ndani inauamsha mara 1,000 kwa sekunde, na wastani wa usingizi huo ni miliampia 1. Jumla inakuwa 1.15, na betri inaisha kwa siku 90. Badilisha tena: usingizi ni mzuri, ila umeiacha ile taa nyekundu ya LED iliyouzwa na bodi, inayokula miliampia 2. Hapo una siku 48. Kifaa kinazimika katikati ya msimu na mfumo endeshi hauna kosa lolote. Ing'oe taa hiyo kwa pasi ya risasi. Kagua pia regyuleta na chipu ya USB ya bodi, maana nazo huendelea kula wakati mikrokontrola imelala fofofo.

Hesabu hii irudie kwa namba zako. Ikishakuambia kwamba sehemu kubwa ya chaji inaliwa usingizini, hatua ya 5 ndiyo ya kuisoma mara mbili.

Hatua ya 4: funga chipu kwanza

Kwa kawaida chipu ndiyo inayokuchagulia mfumo. Huku kwetu vifaa vingi huagizwa Kariakoo na kuja kwa mzigo wa basi, na kinachopatikana haraka ni ESP32. Ni chipu nzuri na yenye nguvu, na zana zake rasmi, ESP-IDF, zinakuja tayari na FreeRTOS, mojawapo ya RTOS, iliyorekebishwa kwa viini viwili. Usingizi wake mzito hushuka hadi kama maikroampia 10 kwenye chipu yenyewe. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: ikiamka kutoka usingizi mzito, programu inaanza upya kutoka mwanzo. Kazi zako, foleni na makufuli (yanayozuia kazi mbili kushika kitu kimoja kwa pamoja) vyote vimefutika, na kinachobaki ni kile ulichokihifadhi kwenye kumbukumbu ndogo ya RTC, ile saa ya chipu inayobaki macho wakati wa usingizi. Ukitumia ESP32 namna hiyo, RTOS haisimamii usingizi hata kidogo. Inafanya kazi katika zile sekunde chache za kuwa macho.

STM32L476 ina RAM ya kilobaiti 128, na katika usingizi wa aina ya Stop 2 inakula maikroampia 1 na pointi huku ikihifadhi kumbukumbu. nRF52840 ina RAM ya kilobaiti 256, nayo inalala kwa kiwango kinachokaribia hicho. Hizi mbili zinaamka zikiwa zinakumbuka kila kitu, kwa hiyo RTOS ina maana tangu mwanzo hadi mwisho. RP2040 ni rahisi na nzuri kufundishia, ila hata ikilala kabisa bado inahesabika kwa mamia ya maikroampia. Iweke penye sola au umeme.

Hatua ya 5: chunguza jinsi mfumo unavyolala

Mifumo mingi ina mdundo wa saa unaoitwa tiki. Kila tiki inapogonga, mpangaji anaamka na kuangalia kama kuna kazi iliyofika zamu yake. Mifano mingi ya FreeRTOS imewekwa tiki 1,000 kwa sekunde, na ukiiacha hivyo ndiyo unapata zile siku 90. Dawa yake ni kulala bila tiki: mfumo unaangalia kazi inayofuata ni ya lini, unatega taima moja ya wakati huo, halafu unazima kila kitu.

FreeRTOS ina uwezo huo, unaouwasha kwa configUSE_TICKLESS_IDLE. Lakini kuuwasha peke yake hakutoshi. Kwenye chipu za Cortex-M, zikiwemo STM32 na nRF52, utekelezaji wa kawaida hutumia taima ya SysTick, ambayo ina biti 24 tu. Chipu ikiwa kwenye megahezi 80, taima hiyo inajaa ndani ya sekunde 0.21, kwa hiyo mfumo utaamka karibu mara 5 kila sekunde hata kama hauna kazi. Kibaya zaidi, kwenye usingizi wa Stop, SysTick husimama kabisa. Inabidi uandike kipande chako mwenyewe kinachotumia taima ya umeme mdogo au RTC, na kirekebishe hesabu ya muda baada ya kuamka. Ni kazi ya jioni kadhaa kwa mtu anayeijua chipu yake, na ni vigumu kwa asiyeijua.

Zephyr, RTOS nyingine, uliowekwa chini ya Linux Foundation mwaka 2016, umejengwa ukiwa bila tiki pale taima ya chipu inaporuhusu. Kwenye nRF52 unatumia moja kwa moja ile saa ya hezi 32,768. Taima yake nayo ina biti 24, ila kwa mdundo huo wa polepole inachukua sekunde 512 kujaa. Linganisha na ile 0.21. Kwenye STM32 hakikisha umechagua taima ya LPTIM na umewasha usimamizi wa umeme, la sivyo utapata usingizi mwepesi uleule.

RIOT, uliokulia katika vyuo na taasisi za utafiti za Ujerumani na Ufaransa, hauna tiki tangu kuzaliwa. Kazi zikiisha, unaangalia vifaa gani vya ndani ya chipu bado vinatumika, kisha unateremka kwenye usingizi mzito kuliko yote unaoruhusiwa. Kwa chipu yenye RAM ndogo ni mfumo wa kupendeza. Contiki-NG unakwenda kwa matukio, na kazi zake zinatumia staki moja (eneo la RAM ambamo kazi huweka vitu vyake vya muda) kwa pamoja, hivyo unabana RAM sana. Ila kazi moja ikikataa kuachia zamu, nyingine zote zinangoja.

Kama bodi yako haimo kwenye orodha ya bodi zinazoungwa mkono na mfumo unaoutaka, badilisha bodi au badilisha mfumo. Kuandika draiva zote mwenyewe ni mradi mwingine kabisa.

Hatua ya 6: RAM, staki na makufuli

Kila kazi katika RTOS hudai staki yake. Kazi 8 zenye kilobaiti 1 kila moja ni kilobaiti 8. Kwenye chipu ya STM32F103C8 yenye RAM ya kilobaiti 20 hilo ni pigo, kwenye nRF52840 hata huhisi. Kuna mtego hapa: katika FreeRTOS ya kawaida kwenye Cortex-M, ukiandika staki ya 256 unapata maneno 256, yaani baiti 1,024. Katika ESP-IDF, 256 ni baiti 256. Msimbo uliohamishwa kutoka huku kwenda kule bila kuangaliwa huanguka papo hapo, au mbaya zaidi, huanguka mara mojamoja. Washa ukaguzi wa kufurika kwa staki wakati wa kutengeneza, na kabla ya kufunga boksi tumia uxTaskGetStackHighWaterMark kuona nafasi iliyobaki.

Kwa kifaa kitakachokaa juu bila kuguswa, napendelea kumbukumbu yote igawiwe mwanzoni. FreeRTOS ina xTaskCreateStatic kwa ajili hiyo. Kumbukumbu inayoombwa na kurudishwa kila mara huishia vipandevipande, na siku moja ombi dogo linakataliwa ingawa jumla ya nafasi ipo.

Kuhusu makufuli, kisa cha Pathfinder kinatosha. Chombo hicho cha NASA kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, kikiendeshwa na VxWorks, na baada ya siku chache kikaanza kujiwasha upya chenyewe. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa inashika kufuli la kitu kinachotumiwa pia na kazi ya kipaumbele cha juu ya kusimamia njia ya data. Ikiwa imelishika, kazi za kipaumbele cha kati zinaingia na kuisukuma pembeni. Ya juu inamsubiri wa chini, na wa chini hapewi zamu na wa kati. Saa ya ulinzi, taima inayowasha upya mfumo ikiona umekwama, inaona kimya na inawasha upya chombo kizima. Wahandisi waliirudisha hali hiyo kwenye nakala iliyokuwa duniani, kisha wakatuma badiliko la kuwasha urithi wa kipaumbele: mwenye kufuli anapandishwa kwa muda hadi ngazi ya anayemngoja.

Katika FreeRTOS, mutex (aina ya kufuli) ina urithi huo, lakini semafo ya hali mbili (ishara ya wazi au imeshikwa) haina, ingawa zote mbili zinaweza kutumika kama kufuli na msimbo ukaonekana uko sawa. Kwenye kifaa cha ghalani, kihisi na kumbukumbu ya nje vikitumia njia ileile ya I2C, yaani waya mbili zinazoshirikiwa na vifaa kadhaa, una mazingira kamili ya Pathfinder juu ya kenchi.

Hatua ya 7: leseni, uhai wa mradi, na bando lako

FreeRTOS, alioanzisha Richard Barry mwaka 2003 na ambao Amazon waliuchukua mwaka 2017, una leseni ya MIT. Zephyr na NuttX, RTOS nyingine tena, zina leseni ya Apache 2.0. Zote hizi zinakuruhusu kuuza kifaa bila kutoa msimbo wako. RIOT uko chini ya LGPL 2.1, kwa hiyo soma masharti yake kabla ya kusaini mkataba na mteja.

Uhai wa mradi ni suala zito kuliko leseni. Arm walitangaza mwaka 2024 kwamba Mbed, mfumo wao uliokuwa kipenzi cha wanafunzi, ungefikia mwisho wake Julai 2026. ThreadX, mfumo mwingine, ulikuwa wa Express Logic, ukanunuliwa na Microsoft mwaka 2019, na sasa uko Eclipse Foundation ukiwa huria. Mfumo mzuri, ila umebadilisha mikono mara nyingi, na ukitafuta msaada utakutana na maelezo ya zamani yenye majina tofauti.

Halafu bando. Kerneli ya FreeRTOS ni mafaili machache: tasks.c, queue.c, list.c, na kipande cha chipu yako. Mazingira kamili ya Zephyr ni gigabaiti kadhaa. Pakua usiku mara moja, weka nakala kwenye diski ya nje, na wenzako wote waichukue hapo.

Uamuzi wangu kwa kifaa hiki: ukiwa na nRF52840, chukua Zephyr. Ukiwa na STM32L4 au STM32WL na uko peke yako, FreeRTOS. Mkiwa timu inayotaka bodi tatu tofauti zitumie msimbo mmoja, Zephyr tena, na mvumilie devicetree yake, faili la kuielezea bodi, ambayo wiki ya kwanza itawachosha. Kwenye ESP32 usihangaike, tumia FreeRTOS iliyomo. Chipu ya kilobaiti chache za RAM, RIOT. NuttX nitauchukua tu kama nina programu za mtindo wa Unix za kuhamishia.

Hatua ya 8: pima usingizi kabla ya kufunga boksi

Maltimita ya kawaida kwenye kipimo cha maikroampia ina ukinzani mkubwa. Kifaa kikiamka na kutaka makumi ya miliampia, volti zinaporomoka na kinajizima, nawe unadhani ni kosa la programu. Njia ya bei rahisi ni kapasita. Chukua ya maikrofaradi 1,000, ijaze hadi volti 3.3, iache iendeshe kifaa kilicholala, na utazame volti zikishuka. Mkondo wa maikroampia 10 huishusha milivolti 10 kila sekunde, yaani volti 0.3 kwa nusu dakika. Ikishuka mara kumi ya hapo, kuna kitu hakijalala. Pima kwanza kapasita peke yake, kwa sababu nayo huvuja kidogo, na maltimita yenyewe hunyonya.

Pima pia mahali kifaa kitakapoishi. Mikindani na Kilwa hewa ina chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu hupitisha mkondo kati ya njia za bodi. Usingizi wa maikroampia 10 mezani unaweza kuwa mara kadhaa ya hapo ufukweni. Mashambani, kati ya Juni na Agosti, kuna vumbi la salfa wakati wa kupulizia mikorosho, nalo hula shaba na fedha kwenye viunganishi. Paka bodi vanishi ya kukinga na ufunge boksi lenye raba, kisha pima tena.

Mwisho, washa saa ya ulinzi, na kila kifaa kinapoanza upya kisome sababu kutoka kwenye rejista ya chipu na kuituma pamoja na ujumbe wa kwanza: umeme ulikatika, volti zilishuka, au saa ya ulinzi iliuma. Tundika kimoja ghalani mwezi Septemba, kabla ya korosho kuingia. Kikirudisha sababu ya saa ya ulinzi hata mara moja, rudi hatua ya 6. Kikirudisha volti kushuka, rudi hatua ya 3. Vingine usivitengeneze mpaka hicho kimoja kipitishe mwezi bila kujiwasha upya.